Nimlipeje muuzaji wa laptopu za mtumba aliye Uingereza?

Msomaji mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi Mwanza ameniuliza swali ambalo nalifupisha hivi. Amempata kwenye soko la mtandaoni la eBay muuzaji wa Birmingham mwenye laptopu za Lenovo ThinkPad T480 zilizotoka maofisini, na anataka nane kwa pauni 140 kila moja. Muuzaji anamshauri waachane na eBay, amtumie fedha benki kwa benki, na bei itashuka hadi pauni 120. Kama benki inamtia hofu, atume kwa PayPal, ila achague kutuma kwa ndugu na marafiki "ili wasitukate ada". Mzigo utapokelewa na ghala la wakala London, uingie kontena la kuchangia hadi Dar es Salaam, safari ya wiki nane hadi kumi. Ameshatuma pauni 60 kwa benki za kushikia mzigo. Anauliza hela iliyobaki ailipe vipi asije akalizwa.

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, maana naona jamaa anakuharakisha. Usitume salio benki kwa benki, na usitume kwa njia ya ndugu na marafiki. Lipa ndani ya eBay, kwa kadi au kwa PayPal, hata kama ni kwa pauni 140, kisha hakikisha laptopu zinafunguliwa na kupimwa London kabla hazijaingia kwenye kontena. Hayo mawili yanakwenda pamoja. Nimeona watu waliolipa kwa njia sahihi kabisa wakapoteza kila kitu kwa sababu la pili hawakulifanya, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hilo la pili.

Kwanza hiyo benki kwa benki. Sisi tumeizoea kwa sababu ya magari. Mtu anachagua gari Japani, anatumiwa ankara, anakwenda benki kufanya TT (yaani kutuma fedha benki kwa benki hadi nje ya nchi), na baada ya miezi miwili gari liko bandarini. Ikitokea mara kumi mtu anaamini kwamba TT ni njia salama. Kilichomlinda ni kwamba muuzaji yule ni kampuni kubwa inayoishi kwa jina lake. TT yenyewe haina ulinzi wowote ndani yake. Ikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, benki yako inaweza tu kuandikia benki ya huko kuomba irudishwe, na mpokeaji akikataa, habari imeishia hapo. Karatasi ya SWIFT, yaani uthibitisho wa benki utakaopewa, inathibitisha kwamba ulituma. Haithibitishi kwamba ulipaswa kupewa laptopu nane nzima.

Fedha za kuchukuliwa dirishani kwa namba ya siri ni hatari zaidi. Kampuni za huduma hiyo zenyewe huwaambia wateja wasimtumie mtu wasiyemjua. Januari 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 katika mashauri ya serikali ya Marekani, baada ya kukiri kwamba matapeli walikuwa wakiutumia mtandao wake kukusanya hela za watu na yenyewe haikuwa imezuia ipasavyo. Kiasi hicho kinakuonyesha ukubwa wa tatizo.

Na mimi yalinikuta. Mwaka 2016 nililipia simu 20 kwa mtu wa Deira, Dubai, kwa hela ya kuchukua dirishani. Zilifika zote 20, nikashukuru. Nilipoziwasha, saba zikadai nywila za wenyewe wa zamani, na simu ya iPhone ikifungwa hivyo hata fundi hodari wa Kariakoo haifungui. Nilipompigia, muuzaji hakukataa. Alisema, "Nitakufidia kwenye oda ijayo." Yaani nimtumie hela nyingine ndipo nilipwe ya kwanza. Sikuwa na mahali pa kulalamika kwa sababu njia niliyolipia haikuwa na mlango wa malalamiko.

Ndiyo maana huwa naangalia njia ya malipo kabla ya kuangalia sura ya muuzaji. Huyu wako si lazima awe tapeli. eBay inamkata ada, na wapo wauzaji waaminifu wanaotaka kuikwepa ingawa sheria za eBay zinakataza. Lakini punguzo lake la pauni 20 kwa kila laptopu, jumla pauni 160, ndiyo bei ya ulinzi wako wote. Anakuomba umuuzie haki yako ya kulalamika kwa pauni 160, katika mzigo wa pauni 1,120. Kwa mtu usiyemjua, mimi nisingeiuza.

Kutuma kwa ndugu na marafiki kupo kwa ajili ya kumtumia mdogo wako ada ya chuo. Malipo hayo hayamo kabisa katika ulinzi wa mnunuzi wa PayPal. Ukilalamika wataona kwenye kumbukumbu kwamba wewe mwenyewe ulisema hununui kitu. Muuzaji anayekutaka ubonyeze hapo anajua vizuri anachokiomba.

Sasa tuje kwenye saa.

Kila ulinzi una muda wake wa kuisha, na muda huo hauhesabiwi tangu siku uliyofungua boksi Mwanza. eBay inakupa siku 30 tangu mzigo ufike, au tangu siku ya mwisho uliyoahidiwa kuwa utafika, uwaambie kama haujafika au umefika tofauti na tangazo. Kwako wewe, "kufika" ni pale kijana wa ghala la London anapoweka sahihi. Kontena lako linachukua wiki nane kwa uchache. Siku 30 zitaisha mzigo ukiwa bado baharini, pengine kabla hata kontena halijajaa. Na lipo jingine ambalo wengi hawalijui: eBay hailindi kitu kilichokwisha kufika kwenye anwani uliyoandika kisha kikapelekwa anwani nyingine. Laptopu zikitoka tu kwenye mlango wa ghala kuelekea bandarini, dhamana ya eBay imebaki nyuma.

PayPal, ukilipa kama mnunuzi wa bidhaa, inakupa siku 180 tangu siku ya malipo. Huo ni muda mrefu, unatosha safari ya meli na ushuru na basi la kwenda Mwanza. Lakini wakikukubalia kwamba bidhaa si ile iliyotangazwa, wanaweza kukutaka uirudishe kwa muuzaji, na gharama ya kurudisha kwa kawaida ni yako. Piga hesabu ya kusafirisha laptopu nane kwa ndege kutoka Mwanza hadi Birmingham. Na kama kasoro yenyewe ni betri iliyovimba, kampuni za usafirishaji hazitaigusa, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kwenye ndege.

Kadi ya Visa au Mastercard ina mlango wake pia, hata ikiwa ni kadi ya kawaida ya akaunti yako na si ya mkopo. Unaiomba benki yako ipinge muamala, kwa kawaida ndani ya siku 120, ambazo kwa kitu kisichofika huhesabiwa tangu siku kilipotarajiwa kufika. Ukienda tawini ukaambiwa "tukishakata hela hairudi", usiondoke. Omba kuongea na kitengo cha kadi na uombe fomu ya kupinga muamala. Mhudumu wa dirishani mara nyingi hajawahi kuiona. Kadi pepe za mitandao ya simu zinazotembea juu ya Visa au Mastercard, kama ile ya M-Pesa GlobalPay ya Safaricom iliyoanza Kenya mwaka 2022, nazo zinapita kwenye mitambo hiyo ya kadi. Ila kabla ya kuweka hela kubwa humo, uliza huduma kwa wateja namna ya kufungua pingamizi, na kama hawana jibu, tumia kadi ya benki.

Unaona basi kwa nini nasema London. Pale ghalani ndipo mahali pekee ambapo saa zote bado zinatembea, muuzaji yuko mwendo wa lori moja, na kurudisha mzigo ni safari ya ndani ya nchi. Bidhaa ikiwa tofauti na tangazo, eBay humtaka muuzaji agharamie kurudishwa kwake.

Kwa hiyo tafuta mtu. Kama una ndugu au jirani wa zamani London, mwombe siku moja. Kama huna, muulize wakala wa mizigo, maana baadhi yao hukagua kwa malipo. Hata ukimlipa kijana anayeijua kompyuta pauni 10 kwa kila laptopu, ni pauni 80. Asikuambie tu "zimewaka". Kuwaka si kipimo.

Aanze na boksi likiwa limefungwa, simu ikirekodi video bila kukatwa, lebo ionekane. T480 moja ina uzito wa kilo 1.6 hivi, kwa hiyo nane pamoja na chaja zake haziwezi kuwa chini ya kilo 13. Lebo ikisema nusu kilo, mmetumiwa kitu kingine ili namba ya ufuatiliaji isomeke "imefika", na video hiyo ndiyo itakayokutoa. Mchezo huo upo, na ghala linalopokea mizigo ya watu mia kwa anwani moja ndilo wanalolipenda. Hakikisha namba yako ya mteja imeandikwa kwenye anwani.

Halafu kila laptopu ibonyezwe F1 wakati inawaka. Ikidai nywila kabla ya kukuonyesha mipangilio, iweke pembeni. ThinkPad iliyosahauliwa nywila ya msimamizi haifunguliwi kwa kuchomoa betri ndogo ya ndani kama kompyuta za zamani. Jibu la Lenovo wenyewe ni kubadilisha ubao mama (motherboard), na hapo umeshanunua laptopu upya.

Kipimo ninachotaka akizingatie kuliko vyote ni hiki: Windows iwekwe upya, kisha laptopu iunganishwe na intaneti. Laptopu za maofisini huandikishwa na kampuni kwenye mitambo ya Microsoft, na uandikishaji huo haufutiki kwa kufuta diski. Bila intaneti inaonekana safi kabisa. Ikishaunganishwa wakati wa kuanza upya, inatoa jina la kampuni ya zamani na kudai barua pepe ya kazini. Muuzaji anayezipima bila intaneti anaweza asijue, na mteja wako wa Mwanza atajua siku ya kwanza. Ikitokea, piga picha ya skrini hiyo pamoja na namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo chini yake. Anayeweza kuiondoa ni kampuni iliyoiandikisha, kupitia muuzaji, kwa hiyo mpe muuzaji nafasi ya kuliomba hilo, ila ndani ya zile siku 30.

Betri za T480 ni mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa nyuma, na amri ya Windows ya powercfg /batteryreport itamwonyesha kila moja imebaki na uwezo gani. Ajaribu kuchajia kwa kila tundu la USB-C, kwa sababu ThinkPad za miaka ile zilikuwa na kasoro ya programu kwenye tundu la Thunderbolt, ambalo ni mojawapo ya hayo ya USB-C, kasoro ambayo imeua matundu mengi kabla watu hawajaweka sasisho la Lenovo. Kibodi, kamera, madoa ya skrini, hayo anayajua.

Kabla ya kulipa, soma tangazo kama mkataba, kwa sababu mzozo ukianza eBay na PayPal watalinganisha kilichofika na kilichoandikwa. Kikiwa hakikuandikwa, hukuahidiwa. Tangazo likisema "haijapimwa" au "kwa vipuri", huwezi baadaye kulalamika kwamba haiwaki. Na mzigo wa namna hiyo una shida nyingine: tangu 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatari, taka zote za kielektroniki zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa, na vifaa visivyopimwa vinaweza kuhesabiwa kuwa taka. Ripoti ya vipimo kutoka kwa muuzaji itakusaidia pande zote mbili.

Umechagua T480 vizuri, kwa maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hii inapokea Windows 11. Lakini zipo T480 zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7, na hizo hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Mwandikie muuzaji ndani ya ujumbe wa eBay, si WhatsApp, ataje prosesa. Unataka kuona i5-8250U au i5-8350U, za kizazi cha 8, kwa maandishi yake. Mwulize hapohapo kama zimeondolewa kwenye uandikishaji wa kampuni na kama zina nywila ya F1. Majibu ya WhatsApp yanaweza kukataliwa au kufutwa. Ya eBay wao wenyewe wanayaona. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika biashara hii daftari ni ule uzi wa ujumbe.

Mgogoro ukitokea, anza na eBay kwa sababu saa yake ndiyo fupi. Muuzaji anapewa siku tatu za kazi, asipokutimizia unawaomba eBay waingilie. Usifungue eBay na benki kwa pamoja, maana ukishapinga kwenye benki eBay wanalifunga la kwao. eBay wakikukatalia ndipo uende PayPal au benki. Kwenye PayPal, ukifungua mgogoro una siku 20 za kuupandisha kuwa dai, zikipita unajifunga wenyewe. Na muuzaji akikuambia, "Dada, funga kwanza mgogoro unaniharibia jina, kesho nakurudishia," usifunge. Mgogoro uliofungwa PayPal haufunguliwi tena. Hela irudi kwanza, ionekane kwenye akaunti, ndipo ufunge. Hiyo sentensi ya "funga kwanza" imeliza watu wengi kuliko maboksi matupu.

Kama una ndugu Uingereza anayeweza kukununulia, njia zinaongezeka. Tangu 7 Oktoba 2024 benki za huko zinalazimika kumrudishia mtu binafsi aliyetapeliwa kwa kutuma fedha ya ndani kwa ndani, hadi pauni 85,000, mradi ni utapeli na si ubishi wa ubora. Malipo yanayotoka nje ya nchi, kama TT yako ya Mwanza, hayamo. Na akinunua mwenyewe kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwenye tovuti ya duka, kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974 kinaibebesha benki wajibu pamoja na muuzaji, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Malipo yakipitia mtu wa kati kama eBay au PayPal, haki hiyo inaweza kukatika, kwa hiyo asiitegemee huko.

Kwa wanaonunua China kupitia Alibaba, shikeni jambo moja: ulinzi wa Trade Assurance upo pale tu oda na malipo yanapopita ndani ya Alibaba. Muuzaji akikutumia kwa WeChat akaunti "ya kampuni dada", umetoka nje. Na popote mlipo, ankara ikija na namba ya akaunti iliyobadilika, pigeni simu kwa namba mliyoijua tangu zamani, si iliyo kwenye barua pepe hiyo. Wezi huingia kwenye barua pepe za wauzaji waaminifu na kubadilisha namba tu.

Sasa zile pauni 60. Nenda benki yako leo, uombe watume ombi la kurudisha. Linaweza kushindikana, ila kila siku inayopita inalidhoofisha. Wakati huohuo mwandikie muuzaji ndani ya eBay, kwa adabu, kwamba utanunua nane kwa bei yake ya tangazo, na umwombe akutumie ofa ya pauni 1,060 kwa zote, yaani 1,120 ukitoa ulizokwisha lipa. eBay inamruhusu kutuma ofa ya namna hiyo. Akikubali, lipa hiyo 1,060 hapohapo ndani na usimamishe lile ombi la benki. Zile 60 zitabaki nje ya ulinzi, lakini salio lote litakuwa ndani. Akikataa, akasema bei ni ya benki tu au akaanza kukuambia kuna mteja mwingine wa Kampala anazitaka jioni hii, ziache. Usimtumie hata senti nyingine kwa kuzifuata hizo 60. Na mtu akikutafuta mtandaoni akisema anaweza kukurudishia kwa ada kidogo, huyo ni tapeli wa pili.

Matangazo ya T480 Uingereza ni mengi kila wiki. Ukilazimika kuanza upya, nunua mbili kwanza kwa muuzaji mwingine, zipimwe London, zifike Mwanza, uziuze, ndipo uagize sita.